Kuacha kuona siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kukoma hedhi kwa wanawake wa vijijini

Maswali haya yametoka vinywani mwa wanawake wenyewe. Machache waliyauliza wakiwa wamekaa. Mengi yaliulizwa wakiwa wameshaaga, mkono uko mlangoni, sauti imeshuka. Nimeyajibu kwa maneno ambayo binti anaweza kumsomea mama yake bila wote wawili kuangalia pembeni.

Neno moja litarudi mara nyingi: utu uzima. Kijijini ni neno la heshima, linampa mwanamke kiti mbele na haki ya kusikilizwa. Lakini neno hilohilo hutumika kumrudisha mgonjwa nyumbani bila kupimwa: "Mama, huo ni utu uzima tu." Heshima tuibakize. Huko kurudishwa nyumbani ndiko ninakokupinga.

Nitajuaje kwamba hedhi yangu imekoma kweli?

Unahesabiwa umekoma hedhi ukitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, nawe huna mimba, hunyonyeshi, wala hutumii dawa inayozuia hedhi. Kwa hiyo siku yenyewe hujulikana kwa kutazama nyuma. Ile damu ya mwaka jana, uliyoifulia vitambaa na kuviweka kwa ajili ya mwezi unaofuata, kumbe ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Kabla ya hapo kuna kipindi cha mpito, mara nyingi miaka minne hivi, kwa wengine zaidi. Siku hupoteza mpangilio: miezi miwili kimya, kisha mara mbili ndani ya mwezi mmoja, leo matone, safari ijayo nyingi ya kutisha. Wengi husumbuka zaidi katika mpito huu kuliko baada ya damu kukata kabisa. Ukishapita miaka 45, kwa kawaida huhitaji kipimo cha homoni kukuthibitishia. Kumbukumbu ya siku zako inatosha. Ndiyo maana nasisitiza kuweka alama, hata ya mkaa ukutani, kila unapoona damu. Ukifika kwa mganga wa zahanati na kumbukumbu hiyo, umemsaidia kuliko unavyodhani.

Huanza na umri gani? Mimi sijui hata mwaka niliozaliwa.

Wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Katika nchi tajiri wastani ni karibu miaka 51. Tafiti za wanawake wa vijijini katika nchi maskini mara nyingi zimekuta mapema zaidi ya hapo. Uvutaji wa tumbaku huivuta hedhi ikome mwaka mmoja au miwili kabla ya wakati wake. Ikikoma kabla ya miaka 45 huitwa kukoma mapema, na kabla ya 40, jambo linalompata takriban mwanamke mmoja kati ya 100, si la kunyamazia hata kidogo. Mwili unaokaa miaka mingi bila homoni za kike hulipia kwenye mifupa na moyo. Huyo anastahili kupimwa na mara nyingi kupewa homoni mpaka afike umri wa kawaida wa kukoma.

Kama hujui mwaka wako, usione aibu. Jikadirie kwa kuzaliwa kwa mtoto wako wa kwanza au kwa tukio linalokumbukwa na watu wote.

Kuna hesabu nyingine ya umri inayonivutia. Mwanaanthropolojia Caroline Bledsoe alipofanya utafiti katika vijiji vya Gambia, alikuta wanawake hawapimi uzee kwa miaka. Waliupima kwa nguvu ambazo mwili umekwisha kuzitumia: uzazi mgumu, mimba zilizoharibika, kazi nzito, watoto wasioachana vya kutosha. Aliyeumia sana katika uzazi huitwa mzee kabla ya mwenzake aliyemzidi miaka. Kitabibu, kuzaa sana hakumalizi mayai wala hakuharakishi kukoma kwa hedhi. Ila kuhusu uchovu wa mwili, wale akina mama walikuwa wanaona kitu cha kweli, na daktari anayewadharau anapoteza habari muhimu.

Mwilini kinatokea nini?

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai milioni moja hadi mbili. Akivunja ungo yamebaki kati ya 300,000 na 400,000, na hayo huendelea kupungua kila mwezi, awe anazaa au hazai. Yakikaribia kwisha, ovari, yaani vifuko vya mayai, hupunguza kutengeneza estrojeni na projesteroni, homoni zinazoandaa kizazi. Ubongo hupiga kelele kwa homoni zake ukiamrisha ovari zifanye kazi. Ovari hazina tena cha kutoa. Basi, kizazi hakijengi utando, na pasipo utando hakuna damu ya kutoka.

Damu isiyotoka inakwenda wapi? Nasikia inabaki tumboni na kuleta maradhi.

Hili nimelisikia kuliko swali lolote. Fikra yenyewe ina mantiki: kama tumefundishwa tangu usichana kwamba hedhi ni uchafu unaotoka, basi usipotoka lazima umebaki. Ndiyo maana wapo wanaokunywa dawa za kuisukuma, na wapo wanaolihusisha kila gonjwa la baadaye, presha, maumivu ya viungo, tumbo kujaa, na damu iliyogoma kushuka.

Hedhi haikuwa uchafu hata siku moja. Ni utando ambao kizazi huujenga kila mwezi kumpokea mtoto, na asipokuja huubomoa. Baada ya kukoma hedhi utando huo haujengwi tena. Hakuna kilichobaki, hakuna cha kusukuma. Dawa kali za kuharisha au za kuweka ukeni ili "kusafisha" huchubua sehemu ambayo tayari imekuwa nyembamba, na vidonda hivyo huleta maambukizi.

Ni kweli wanawake wa vijijini hawasumbuki, kwamba haya ni mambo ya wanawake wa mjini?

Jibu halikai katika neno moja, nami nitakaa hapa kidogo.

Miaka ya 1970 mtafiti Marcha Flint alizungumza na wanawake wa Kirajputi nchini India, akakuta malalamiko machache sana. Kwao kukoma hedhi kulifungua mlango: mwanamke aliyekuwa akifichwa ndani na kujifunika sasa aliweza kutoka na kukaa mahali wanaume walipo. Miaka ya 1980 Yewoubdar Beyene, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ethiopia, aliishi na wakulima wa Kimaya huko Yucatán, Mexico, kisha na wanawake wa kijiji kimoja cha kisiwa cha Evia, Ugiriki. Wamaya walimwambia hawajui joto la ghafla, na kwamba walikuwa wakiingojea siku hiyo kwa hamu, maana waliolewa wadogo na maisha yao yote yalikuwa mimba na kunyonyesha. Wagiriki walilijua joto hilo vizuri na walikuwa na jina lake, ila hawakuliona kama ugonjwa wa kupelekwa kwa daktari. Huko Japani Margaret Lock wa Chuo Kikuu cha McGill aliwahoji wanawake wa mashambani, wa viwandani na wa majumbani. Walilalamikia mabega kukakamaa na kichwa kuuma kuliko joto.

Wengi husoma hayo wakahitimisha kwamba taabu iko kichwani mwa mwanamke. Mimi sikubali. Watafiti walipowapima damu wale Wamaya, homoni zao zilikuwa zimeshuka sawasawa na za wanawake wa Marekani, na mifupa yao ilikuwa inapungua vilevile. Na waliokwenda miaka ya baadaye kwa wanawake wa Campeche, pale jirani, walikuta wapo wanaosema wanapata joto. Jibu hubadilika kwa lishe, kwa kazi, kwa hali ya hewa; hubadilika pia kwa nani anauliza na nani amekaa karibu akisikiliza. Mwanamke akiulizwa mbele ya mkwewe atasema hana shida. Aliyezoea kuvumilia uchungu wa uzazi bila kulia hawezi kuita joto la dakika tatu kuwa ni ugonjwa.

Kwa hiyo, ndiyo, wako wanaopita salama kabisa, na pale jamii inapompandisha mwanamke cheo badala ya kumshusha, njia huwa nyepesi. Lakini kunyamaza kwa mwanamke kusihesabiwe kuwa ni uzima.

Usiku naamka nimelowa jasho, mchana mwili unawaka. Ni homa?

Nilimwona mama mmoja jikoni, amechuchumaa mbele ya mafiga akikoroga sufuria. Ghafla akauacha mwiko, akavua kilemba, akashika upindo wa kanga na kuupepea chini ya kidevu. Jasho lilianzia shingoni, juu ya mdomo likasimama vitone vidogo. Binti yake akafikiri ni moshi. Kabla sufuria haijatulia, yeye alikuwa amejifunga kilemba tena, sasa anasikia baridi. Aliniambia ameshameza dawa ya malaria mara tatu mwaka huo na haikusaidia kitu.

Ndani ya ubongo iko sehemu inayopima joto la mwili. Estrojeni ikishuka, mishipa fulani ya fahamu hapo huchangamka kupita kiasi, na ubongo hudhani mwili umechemka hata kama hali ya joto imepanda kidogo tu. Hufungua mishipa ya ngozi, hutoa jasho, moyo hudunda. Dakika chache, kisha baridi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi ulikuta hali hiyo hudumu, ukichukua yule wa katikati, miaka 7.4. Si jambo la wiki mbili.

Tofauti na homa ni hii: joto la ghafla huja na kuondoka, na baina yake uko mzima, kipimajoto hakionyeshi homa. Ila unayeishi penye malaria usijiamulie. Kipimo cha kidole ni cha dakika chache. Na jasho la usiku likifuatana na kikohozi kisichokwisha, kukonda au homa ya jioni, omba kupimwa kifua kikuu. Hapo ndipo "utu uzima tu" hufanya madhara makubwa. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta joto na moyo kwenda mbio.

Vinavyosaidia bila dawa: nguo zinazofunguka kwa tabaka, kulala penye hewa, kunawa uso na shingo kwa maji ya baridi mara unapolisikia linakuja. Kupunguza pombe na tumbaku. Ukiweza, pika alfajiri au jioni.

Sindano za uzazi wa mpango ndizo zilizonikomesha?

Sindano ya miezi mitatu huweza kusimamisha hedhi kwa muda wote unaoitumia, na baada ya kuiacha siku huchelewa kurudi miezi kadhaa, hata mwaka. Kijiti na kitanzi chenye homoni navyo hupunguza au kusimamisha damu. Hilo ni kusimama, si kukoma. Mayai hayajakwisha kwa sababu hiyo. Shida ni kwamba mwanamke wa miaka 47 aliye kwenye sindano hawezi kujua kama amevuka au la, maana alama yake kuu imefichwa. Mwambie mhudumu umri wako. Iko njia ya kulipima hilo au kukubadilishia.

Siku zangu zimeshavurugika. Bado naweza kushika mimba?

Unaweza, na wanawake wengi wamepata wale watoto wa mwisho wasiotarajiwa hapa hapa. Mashauri ya kawaida ni kuendelea na kinga mwaka mmoja baada ya damu ya mwisho kama umepita miaka 50, na miaka miwili kama bado hujafika 50. Mimba ya umri huu ina hatari zaidi ya presha na kutoka damu, hasa kwa aliyezaa mara nyingi. Ukikosa siku ukiwa na 44, pima mimba kwanza kabla ya kujitangazia utu uzima. Baada ya hapo kondomu hubaki na kazi yake, kwani kukoma hedhi hakuzuii virusi vya UKIMWI. Ukavu na michubuko hurahisisha hata kuingia kwake.

Nilikaa zaidi ya mwaka bila damu, sasa imerudi. Nimefurahi, naona ujana umerejea.

Mama, nenda hospitali wiki hii.

Katika jamii nyingi damu ikirudi hupokewa kama baraka, au kama jambo la aibu la kufichwa. Zote mbili zinachelewesha. Damu yoyote baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, hata ya rangi ya maji ya nyama, hata baada ya tendo la ndoa, inatakiwa kuchunguzwa. Mara nyingi chanzo ni kidogo, ukavu na wembamba wa ngozi ya ndani. Lakini takriban mmoja kati ya kumi wanaopata damu hiyo hukutwa na saratani ya ukuta wa kizazi, na katika nchi ambako upimaji ni haba, saratani ya mlango wa kizazi nayo hujificha hapo. Ikikamatwa mapema hutibika. Ikija na harufu mbaya na maumivu ya nyonga, imeshakaa muda mrefu.

Jambo moja ambalo hata baadhi ya wahudumu hulisahau. Kile kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi kinamfaa zaidi mwanamke ambaye hajakoma hedhi. Baada ya hapo sehemu inayotakiwa kutazamwa hupanda ndani, haionekani vizuri, na jibu la "uko salama" linaweza kuwa si la kuaminika. Kwa aliyepita miaka 50 kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, ni bora, na sampuli yake unaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wa miaka 50 hadi 65 ambao hawajawahi kupimwa wapewe kipaumbele pale vifaa vya kuwahudumia vinapokuwepo. Kijijini hao ndio wengi.

Na aliye kwenye mpito bado, ambaye damu yake inalowesha kitambaa kila saa, ina mabonge, au inapita siku saba, naye aende. Kizunguzungu na kuhema ukipanda kilima huweza kuwa upungufu wa damu, na unatibika.

Tendo la ndoa linauma. Wakubwa wanasema limeshakwisha, niache.

Mahali pengi mwanamke akikoma hedhi, au akipata mjukuu, hutarajiwa kuhamia chumba kingine. Wako waliofurahia kuhama, na hakuna wa kuwalaumu. Wako wasiotaka, na hao ndio wanaoniuliza huku wakitazama sakafu.

Kitabibu hakuna umri wa kufunga. Kinachouma ni kwamba bila estrojeni ngozi ya uke huwa nyembamba, kavu, haivutiki kama zamani. Mkojo nao huwasha na UTI hurudi mara kwa mara. Tofauti na joto la ghafla, hali hii haiondoki yenyewe kadiri miaka inavyopita. Vilainishi vya maji husaidia wakati wa tendo. Krimu au vidonge vya estrojeni vya kuweka ukeni, kwa kiasi kidogo sana, hurudisha ngozi na kupunguza UTI, na karibu haviingii mwilini kwingine. Usitumie sabuni ndani, wala majani, wala unga wa kukausha. Na mumeo aelezwe kwamba ukavu si dalili ya kutokumtaka. Aende taratibu, akupe muda.

Kizazi kushuka na kuonekana nje, au mkojo kuvuja ukibeba mzigo, huja zaidi kwa uzazi mwingi na kazi nzito, kisha ukosefu wa homoni ukaongeza. Mazoezi ya kukaza misuli kama anayezuia mkojo, mara kadhaa kila siku kwa miezi mitatu, yana faida iliyothibitishwa. Ipo pete maalumu ya kushikilia kizazi, na upo upasuaji. Hakuna sababu ya kukaa mbali na watu kwa kuogopa harufu.

Nalia bila sababu, nasahau, nagomba. Nyumbani wanasema nimerogwa.

Homoni zinazopanda na kushuka hugusa usingizi na hisia, na mtu asiyelala miezi sita hugomba hata bila homoni. Aliyewahi kupata sonona baada ya kujifungua yuko katika hatari zaidi wakati huu. Usahaulifu wa mpito kwa wengi ni wa kupita.

Lakini tazameni pia yanayomkuta mwanamke wa kijijini umri huu: watoto wameondoka, wazazi wanauguzwa na yeye, mume pengine ameoa mwingine akisema wa kwanza amekwisha. Mahali pengine tuhuma za uchawi huwaangukia wanawake wa umri huu kuliko watu wengine wote, na macho mekundu ya moshi hugeuzwa ushahidi. Huzuni hiyo haina kidonge cha homoni. Inataka watu waache kumtenda hivyo. Ikiwa huzuni imepita wiki mbili bila kuisha, amekataa kula, au anasema bora afe, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Sonona ina dawa na ushauri unaofanya kazi katika umri wowote.

Tiba ya homoni ina saratani?

Hofu hii ina tarehe yake. Julai 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa. Ulikuwa na wanawake 16,608 waliopewa estrojeni na projesteroni au kidonge kitupu. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliotumia homoni walikuwa na wagonjwa 8 zaidi wa saratani ya matiti, na kiharusi 8 zaidi. Waliovunjika nyonga walikuwa 5 pungufu. Dunia nzima ikaogopa. Kilichosahaulika ni kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, yaani wengi walianza miaka mingi baada ya kukoma.

Mtazamo wa sasa ni kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu akome, mwenye taabu kubwa na asiye na kizuizi, faida kwa kawaida huzidi hatari. Vizuizi ni kama saratani ya matiti, kuganda kwa damu, kiharusi, ugonjwa mkali wa ini, na damu ukeni isiyojulikana chanzo. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, maana hunenepesha utando na kuleta saratani. Usimeze vidonge vya uzazi wa mpango vya binti yako ukidhani ni kitu kilekile. Asiyeweza homoni ana dawa nyingine, zikiwemo baadhi ya dawa za sonona kwa dozi ndogo, zinazopunguza joto.

Kijijini ukweli ni kwamba dawa hizi mara nyingi hazipo. Hilo ni jambo la kudai, sawa na tunavyodai dawa za wajawazito.

Na mitishamba?

Ipo mimea yenye chembe zinazofanana na estrojeni. Matokeo ya tafiti yamepishana. Sikukatazi unachokinywa kama chai na kinakutuliza. Nakukataza cha kuweka ukeni, na nakuomba umtajie daktari unachotumia ikiwa uko kwenye dawa za presha, kisukari au UKIMWI, kwa kuwa mingine hugongana nazo.

Jirani alitolewa kizazi, amepumzika. Nami nitolewe?

Kizazi kilichokwisha kuzaa si mzigo wa kutupwa. Upasuaji huo una sababu zake: saratani, uvimbe mkubwa, damu isiyozuilika. Usikubali kwa sababu tu ya uchafu ukeni au maumivu ya kiuno, maana mara nyingi hayo hutibika kwa vidonge. Uliza mambo mawili: je, kuna njia nyingine, na je, ovari zitabaki? Zikitolewa kabla ya wakati, unakoma hedhi siku hiyohiyo, na dalili huwa kali kuliko za kukoma polepole.

Mifupa yangu itavunjika?

Mfupa hupungua kwa kasi zaidi katika miaka ya kwanza baada ya kukoma. Kulima na kutembea kwa miguu, kazi ambazo mwili unabeba uzito wake, huupa mfupa nguvu, na jua huupa mwili vitamini D. Kinachopungua vijijini mara nyingi ni madini ya chokaa na protini, kwa sababu mama hula wa mwisho, kilichobaki. Aliyevunjika mkono kwa kuanguka kidogo tu, au anayefupika na kupinda mgongo, apimwe. Presha nayo huanza kupanda umri huu bila dalili. Pimwa kila unapofika kituoni, hata kama umempeleka mjukuu.

Kwa nini Mungu alituumba tuishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa?

Viumbe wachache sana wako hivi. Nyangumi wa aina chache wamo, na mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba hata sokwe wa Ngogo, msitu wa Kibale, Uganda, huishi baada ya uzazi kukoma. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake waliishi na Wahadza, watu wa kuwinda na kuchuma porini, karibu na ziwa Eyasi, Tanzania, wakaona mabibi wakichimba mizizi siku nzima, na watoto ambao mama zao walikuwa na kichanga kipya walinenepa kwa jasho la bibi. Kutoka hapo wakajenga hoja kwamba binadamu tuliishi muda mrefu kwa sababu ya mabibi. Kumbukumbu za vijiji vya Gambia za miaka ya 1950 hadi 1970 zinaonyesha mtoto mdogo aliye na bibi mzaa mama alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Sitamwingilia mtu imani yake, lakini mwanamke anayeambiwa "umekwisha" anajua sasa aseme nini.

Nikifika kituo cha afya nianzie wapi? Kijana anayehudumu ni sawa na mwanangu.

Wengi hutaja kichwa na kiuno, wanapewa dawa ya maumivu, wanaondoka na lile lililowaleta. Ukiona haya, omba mhudumu wa kike, au mwambie hivi tu: "Mwanangu, nimeacha kuona siku tangu mwezi fulani, na nina jambo la sehemu za siri, naomba tufunge mlango." Sentensi hiyo inatosha, atakayofuata kuuliza ni kazi yake. Taja tarehe ya damu ya mwisho, kama imewahi kurudi, dawa unazotumia, na kama katika ukoo yupo aliyepata saratani ya titi. Omba presha, sukari na wingi wa damu vipimwe, na uulize kipimo cha mlango wa kizazi kinapatikana wapi. Akikujibu ni utu uzima tu, muulize kwa upole: "Umejuaje, mwanangu, na hujanipima?"